Kabureta ya pikipiki iliyotumika: fungua, safisha, funga upya

Karibuni mafundi na wenye pikipiki. Hii hapa mezani ni kabureta ya pikipiki ya CC 125, ile ya pistoni inayovutwa na kebo, iliyojaa kwenye bodaboda zetu. Mwenyewe ameshashauriwa anunue mpya. Anasema asubuhi haiwaki bila choki, ikiwaka haikai sailensa, yaani haiungurumi yenyewe taratibu bila kuvutwa moto, lakini akiivuta moto barabarani inakwenda vizuri. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Kama ikivutwa inakwenda, njia kubwa ya mafuta ni nzima. Iliyoziba ni ile ndogo.

Kabureta ya asili mimi siitupi kwa sababu ya uchafu. Ninachokagua kwanza ni kama imelika. Pistoni hii iingize, itikise. Ikicheza sana ndani ya nyumba yake, hakuna usafi utakaoiponya. Tazama nyuzi za skrubu, kisha mdomo unaofungwa kwenye injini: ulaze juu ya kioo uone kama umepinda. Ukiwa umepinda kidogo, weka msasa laini juu ya kioo na uusugue taratibu mpaka ukae sawa. Ukienda kununua kabureta ya mtumba, kagua hayo matatu kabla ya kutoa hela.

Tufungue. Fanyia kazi nje penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Funga koki ya mafuta, legeza skrubu ya chini ya bakuli, kile kikombe cha chini cha kabureta kinachotunza petroli, kinga petroli kwenye chupa ya kioo. Iache itulie. Mnaona matone haya yaliyokaa chini, hayachanganyiki? Ni maji. Hutokea sana kwa anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara, na wakati wa masika hata kifuniko cha tangi kilicholegea kinatosha.

Fungua kofia ya juu, vuta pistoni pamoja na sindano yake. Angalia kibanio cha sindano kiko mfuo wa ngapi. Hii ina mifuo mitano, na kibanio kipo wa tatu. Piga picha.

Sasa skrubu ndogo ya mchanganyiko, hii ya ubavuni. Kabla ya kuitoa, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko. Moja... moja na nusu... moja na robo tatu, imegusa. Andika. Ikishagusa usiikaze, ncha yake ni nyembamba na ikikatikia ndani umeharibu kabureta nzima. Ukiitoa, hakikisha springi na mpira wake mdogo vimetoka pia.

Bakuli. Skrubu zikigoma, simamisha bisibisi inayokaa sawasawa, gonga kichwa chake kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe. Sukuma pini ya boya, boya litoke na vali yake. Tikisa boya sikioni: ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Vali nayo, itazame ncha. Ikiwa na alama ya duara imejichimba, weka mpya, ndiyo inayofanya kabureta imwage mafuta usiku kucha.

Tumefika kwenye ugonjwa wenyewe. Kuna jeti mbili za shaba, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima mafuta yanayopita. Kubwa hii ya katikati, na ndogo iliyojificha ndani ya shimo lake, ambayo ndiyo jeti ya sailensa. Tumia bisibisi nyembamba inayojaa kwenye mkato, shaba ni laini. Imetoka. Iinue juani. Huoni mwanga. Imeandikwa 38, yaani tundu lake ni kama milimita 0.38. Chembe moja ya kutu ya tangi inatosha kuliziba.

Hapa nawaomba sana: msichomeke waya wa chuma. Nilipokuwa najifunza kazi nilichomeka, ikawaka vizuri nikafurahi, na siku ya tatu mwenye pikipiki akarudi, plagi nyeusi, mafuta yanaisha njiani. Nilikuwa nimelipanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Loweka jeti kwenye dawa ya kabureta kwa nusu saa, kisha pitisha unywele mmoja wa mswaki, kisha upepo wa kompresa. Tazama tena juani. Sasa nuru ni duara kamili.

Na tindikali ya betri iacheni kabisa. Inang'arisha nje huku inakula madini ya kabureta ndani.

Vaa miwani, kwa sababu dawa ikipulizwa inarudi usoni. Mpira wowote uwe umeshaondolewa, dawa inaivimbisha. Puliza kwenye shimo la skrubu ya mchanganyiko. Dawa lazima itokee kwenye vitundu hivi viwili karibu na pistoni, upande wa injini. Kimoja kikiwa kikavu, rudia. Wengi wanasafisha jeti tu na kusahau njia hizi, halafu wanasema kabureta imekufa.

Kufunga ni kurudi tulikotoka. Mipira na gasketi weka mipya. Boya likishakaa, geuza kabureta juu chini, chomeka mpira msafi wa mafuta kwenye mdomo wa kuingizia, puliza: hewa isipite. Igeuze tena, hewa ipite. Mfuo wa pistoni uingie kwenye kipini chake, na upande uliokatwa utazame chujio cha hewa. Sokota moto, achia: lazima pistoni irudi yenyewe kwa kishindo. Kama hairudi, usiwashe injini.

Fungua koki, subiri dakika mbili, pitisha kidole chini ya bakuli. Pakavu? Washa.

Injini ipate joto kwanza. Skrubu ya mchanganyiko irudishe kwenye moja na robo tatu, kisha isogeze robo robo mpaka mlio upande kabisa, halafu punguza kwa skrubu kubwa ya pistoni hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Huna mita? Mlio uwe tulivu, na ukivuta moto ghafla isikohoe.

Aendeshe siku mbili, kisha tutoe plagi. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi, shusha sindano mfuo mmoja. Nyeupe, hewa imezidi, ipandishe. Hii ya leo imetoka rangi ya kahawia, basi hatugusi kitu tena.