Bomba Lako Linameza Lita Ngapi?

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji, karibuni. Fundi Baraka, kuna msikilizaji wetu wa Nala, hapa Dodoma, analalamika. Kila asubuhi akiwasha pampu ya kisima, maji yanachukua karibu nusu saa kufika kwenye tangi lake la mlimani. Anataka kununua pampu mpya.

BARAKA: Asinunue kwanza, dada Neema. Bomba lina urefu gani, na ni la ngapi?

NEEMA: Mita 200. Lile jeusi la plastiki, la 63. Pampu inatoa lita 1,000 kwa saa.

BARAKA: Basi tupige hesabu. Hiyo 63 ni milimita za nje, na maji yanakaa ndani. Hapa wengi hukosea. Bomba hilo, lile linalohimili presha ya baa 10 (baa ni kipimo cha presha), kwa kawaida ukuta wake una unene wa milimita 3.8. Toa unene huo pande zote mbili, kipenyo cha ndani kinabaki milimita 55.4.

NEEMA: Nusu yake ni milimita 27.7, yaani sentimita 2.77.

BARAKA: Ehee. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14. Unapata sentimita za mraba 24 hivi. Mita moja ina sentimita 100, kwa hiyo ni sentimita za ujazo 2,400, yaani lita 2.4 kwa kila mita.

NEEMA: Mara 200... lita 480! Ndoo kubwa 24 ziko ndani ya bomba tu?

BARAKA: Ndiyo. Ungetumia ile 63 ungepata zaidi ya 620. Sasa pampu ya lita 1,000 kwa saa inajaza lita 480 kwa dakika 29. Pampu ni nzima kabisa!

NEEMA: Je, akiweka bomba pana zaidi, maji hayatawahi?

BARAKA: Msuguano utapungua, lakini bomba tupu litachelewa zaidi kujaa. Kipenyo cha ndani kikiwa mara mbili, ujazo unakuwa mara nne. Angesubiri karibu saa mbili.

NEEMA: Lakini fundi, jana bomba lilijaa. Kwa nini leo lianze tupu?

BARAKA: Hapo ndipo penye ugonjwa! Ile valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani ikichoka, usiku kucha maji yanashuka. Au bomba limetoboka mahali, basi atembee njia nzima akitafuta udongo wenye unyevu. Kwetu huku wakati wa kiangazi, udongo mbichi hauwezi kujificha.

NEEMA: Asipouona?

BARAKA: Aipime valvu. Tangi likishaanza kupokea maji, azime pampu, akae saa moja, awashe tena huku anaangalia saa. Maji yakitoka papo hapo, valvu inashika. Zikipita dakika 10, bomba limepoteza lita kama 167 ndani ya saa hiyo moja. Hapo amwite fundi wa kuinua pampu, abadilishe valvu peke yake.