Nita Barrow: Mkunga wa Barbados Aliyefika Ikulu

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa uuguzi na ukunga, asanteni kwa kunikaribisha.

Julai 1985 maelfu ya wanawake walifurika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali, sambamba na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kufunga Muongo wa Wanawake. Kwenye nyasi za chuo lilisimama Hema la Amani, la mistari ya buluu na nyeupe. Humo Wapalestina na Waisraeli walibishana ana kwa ana. Aliyeliongoza kongamano lote hilo alikuwa mama wa miaka 68, Nita Barrow, mkunga kwa taaluma.

Wengi humtambulisha kama dada wa Errol Barrow, waziri mkuu wa kwanza wa Barbados, kisiwa cha Karibi. Haya, lakini Nita ndiye mkubwa.

Alisomea uuguzi kwao, ukunga Trinidad, afya ya jamii Toronto. Mwaka 1954 akawa matroni wa kwanza mzaliwa wa Karibi katika Hospitali ya Chuo Kikuu, Jamaica. Hapo tusikimbie. Mnajua matroni ni nani: ndiye anayepanga zamu, ndiye anayesikilizwa inapoamuliwa nani apandishwe cheo. Zama za ukoloni kiti hicho kilikaliwa na Waingereza. Kwangu mimi, siasa yake ilianzia wodini.

Mwaka 1986 Jumuiya ya Madola iliteua watu saba kwenda Afrika Kusini kusuluhisha mgogoro wa ubaguzi wa rangi. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. John Malecela wetu, mwanasiasa wa Tanzania, naye alikuwamo. Walimwona Mandela gerezani Pollsmoor. Tarehe 19 Mei, wakiwa bado nchini humo, makaburu wakashambulia Botswana, Zambia na Zimbabwe. Usuluhishi ukafia hapo, na ripoti yao ikawapa nguvu waliodai Afrika Kusini iwekewe vikwazo.

Ubunge hakuupitia. Akiwa balozi Umoja wa Mataifa, mwaka 1988 aligombea urais wa Baraza Kuu, akabwagwa na Dante Caputo, waziri wa mambo ya nje wa Argentina. Wanaomsifu hupenda kuliruka hili. Mimi siliruki: kisiwa cha watu kama robo milioni kilimsimamisha muuguzi, bila kuona haya.

Mwaka 1990 akawa Gavana Mkuu wa Barbados, yaani mwakilishi wa Malkia wa Uingereza nchini humo, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, hadi alipofariki Desemba 1995 akiwa bado madarakani.

Karibuni kwa maswali.