Kujifunza Kuacha: Matumizi ya Nguvu Wakati wa Kukamata Mtu

Mhadhara kwa askari mgambo, walinzi wa kampuni binafsi na vikundi vya ulinzi shirikishi, jijini Mbeya

Mheshimiwa Diwani, watendaji wa kata na mitaa, wakaguzi wa Polisi Kata mliofika, ndugu zangu mgambo na walinzi, habari za asubuhi. Naona baridi imewasogeza wote upande wa dirisha lenye jua. Basi na mimi nitasimama huko huko.

Nimeombwa nizungumzie mbinu za kujihami na matumizi ya nguvu. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na leo nataka nilishike kwa mwisho wake. Kwa kawaida mkufunzi anaanza kumfundisha kijana namna ya kusimama, namna ya kuushika mkono wa mtu na kuupinda, namna ya kumwangusha, namna ya kupiga kirungu. Kijana anatoka jasho, anafurahi, anafaulu. Anarudi lindoni akiwa anajua njia nyingi za kuanza kutumia nguvu, lakini hajafanyishwa hata zoezi moja la kuiacha. Na madhara mabaya zaidi niliyoyaona mimi katika kazi hii yalitokea mtu akiwa ameshashindwa, yuko chini, ameshikwa na watu watatu.

Sheria yenyewe haina utata kwenye hili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamkataza anayekamata kutumia nguvu zaidi, au kumdhalilisha mtu zaidi, ya kile kinachohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Sikilizeni vizuri: haisemi askari tu, inamgusa yeyote anayekamata. Mlinzi wa benki yumo, mgambo wa soko yumo, sungusungu yumo. Na raia akimkamata mtu anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Kwa hiyo lile kofi linalopigwa mtu akiwa ameshafungwa, ambalo kila mtu hapa amewahi kuliona, halimo katika ukamataji. Lile ni kosa jipya, na mtendaji wake ni wewe. Huko duniani nako, Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za maadili ya watekelezaji sheria mwaka 1979, kisha kanuni za msingi za matumizi ya nguvu na silaha zilizopitishwa Havana, Kuba, mwaka 1990. Zote zinazunguka jambo lile lile: tumia nguvu pale tu isipoepukika, na kwa kiasi cha kazi iliyo mbele yako.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo tunapozikana.

Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ni milima. Kijana amekwapua simu Mwanjelwa, mmemkimbiza mpaka kwenye miinuko ya Ilemi. Mnapomkamata, yeye anahema na nyinyi mnahema. Mwili wake wakati huo unadai hewa kuliko kawaida. Sasa mnamlaza kifudifudi, mmoja anamkalia mgongoni, mwingine anaweka goti kati ya mabega, wa tatu anakanyaga miguu. Kifua kinahitaji nafasi ya kupanuka ili mapafu yavute hewa, na tumbo linahitaji nafasi ya kutokeza. Nyinyi mmevibana vyote viwili dhidi ya ardhi. Akianza kupapatika, mnasema huyu bado mkaidi, mnaongeza uzito. Kumbe anapapatika kwa sababu anatafuta hewa! Ukaidi na kukosa pumzi kwa mtu aliye juu yake vinafanana sana, na usipofundishwa kuvitofautisha utakuwa unamuua mtu huku ukiamini unamdhibiti.

Hili halikugunduliwa jana. Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa tahadhari kwa polisi wake mwaka 1995 kuhusu vifo vya watu waliozuiwa wakiwa wamelala kifudifudi, na ikawataka wamtoe mtu katika mkao huo mara tu anapofungwa pingu. Miaka 25 baadaye, tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, George Floyd alikandamizwa shingoni kwa goti la askari polisi zaidi ya dakika tisa, akafa. Alikuwa na pingu mikononi. Alisema mara nyingi kwamba hawezi kupumua. Nimewasikia walinzi wa hapa hapa nchini wakisema, "Kama anaongea, basi anapumua." Naomba neno hilo lifie humu ukumbini. Hewa inayotosha kutoa sauti ni kidogo mno, haitoshi kumweka mtu hai.

Njooni wawili hapa mbele. Wewe lala kifudifudi kwenye mkeka, na wewe mfunge pingu. Vizuri. Tazameni pingu inapokaa: juu kidogo ya kiganja, kabla ya mfupa uliotokeza kwenye kifundo. Ncha ya kidole chako kidogo ipite kati ya chuma na ngozi. Isipopita, umebana mno, na pale upande wa kidole gumba pana mshipa wa fahamu unaoumia haraka; mtu anaweza kukaa na ganzi mkononi kwa miezi. Halafu kuna hiki kitufe kidogo pembeni. Unakibonyeza kwa ncha ya ufunguo ili meno ya pingu yasiendelee kusogea mtu anapojigeuza. Wengi hamkibonyezi. Mtu anapandishwa nyuma ya gari, barabara ina mashimo, kila mruko pingu inabana zaidi, akifika kituoni vidole vimevimba. Kwa mgambo ambao hamna pingu na mnatumia kamba, msifunge viwiko kwa nyuma. Fungeni vifundo kwa kitu kipana, na kila baada ya dakika chache muangalie rangi ya vidole.

Sasa sehemu ninayoitaka. Aliyefunga pingu, sema kwa sauti: "Amefungwa!" Sauti zaidi. Neno hilo likitoka, kila mtu anaondoa uzito wake, wakati huo huo, bila mjadala. Mgeuze alale kwa ubavu, kisha mkalishe. Muulize jina lake. Msikilize anavyojibu. Mtazame midomo kama imepauka au imekuwa bluu. Na kabla ya yote hayo, mnapokuwa zaidi ya wawili, mmoja wenu asimguse mtuhumiwa kabisa. Kazi yake ni kukaa upande wa kichwa, kuangalia uso na kifua, na kusema "basi" hata kama aliye juu ana cheo kikubwa kuliko chake. Najua hilo ni gumu katika utamaduni wetu wa amri. Lakini aliye kwenye purukushani haoni sawasawa: moyo unadunda, masikio yanaziba, macho yanaona kitu kimoja tu mbele. Anamhitaji mwenzake asiyekuwa ndani ya purukushani.

Wenyeji wa Iringa mliokuja leo mnaijua Nyololo, pale Mufindi, barabara kuu ya kwenda Makambako. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa pale kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Picha zilizotoka magazetini zilionyesha askari wakiwa wamemzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimtia hatiani askari kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Bomu la machozi limetengenezwa liruke mbali, lianguke, litoe moshi. Likifyatuliwa kwa mtu aliye hatua chache mbele, moshi hauna maana tena, lile ni kombora. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua unasema wazi kwamba halitakiwi kulengwa mwilini mwa mtu.

Najua nyinyi hamna bunduki za mabomu ya machozi. Nalitaja kwa sababu ni la nyumbani, na kwa sababu kila ninapozitazama zile picha ninahesabu vichwa. Askari walikuwa wengi. Mtu alikuwa mmoja, na wakati ule hakuwa akimtishia yeyote maisha. Ninachokitafuta kwenye picha ni mtu mwenye kazi ya kusema basi. Familia ya mtu ilibaki bila baba, na askari mwenyewe akaenda jela. Hayo yote yanaingia katika sekunde chache ambazo hakuna aliyezifanyia mazoezi.

Kuhusu amri. Ukitaka mtu akutii, lazima akuelewe. Usiku, askari watatu: mmoja anapiga kelele "Lala chini!", wa pili "Mikono juu!", wa tatu "Usisogee!" Atii ipi? Akitii moja amezivunja mbili, na aliyevunjiwa anamrukia kwa kirungu. Azungumze mmoja. Maneno machache, kisha mpe mtu muda wa kuyafanya. Vijijini huku kuna wazee ambao Kiswahili chao ni cha kubabaisha, wanaongea Kisafwa au Kinyakyusa, na msimu wa ulanzi kule Iringa utakutana na mtu aliyelewa ambaye hata kwa Kihehe chake hakuelewi. Huyo umpe muda mara mbili.

Tena kuna hili la mikono mifukoni. Vitabu vingi vya mafunzo vinasema mkono usioonekana ni hatari, na ni kweli. Lakini hapa ni Mbeya. Mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, kila mtu stendi ana mikono ndani ya koti! Usianze na kirungu. Simama mbali kidogo, pembeni, si mbele yake moja kwa moja, mwambie: "Mzee wangu, naomba nione mikono yako taratibu." Wengi watatoa.

Kirungu kina mahali pake. Mapaja, vigimbi vya miguu, mkono ulioshika silaha. Kichwa, shingo, uti wa mgongo, figo, sehemu za siri, hapana, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini kweli kweli na huna njia nyingine. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Nitajibu maswali mawili.

Kijana kutoka Uyole anauliza: "Mkufunzi, mtu ana panga, na mimi nina fimbo tu. Huko kuacha kutanisaidia nini?" Swali zuri. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alipima jambo hili. Aliona mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita sita na ushei, kwa takriban sekunde moja na nusu. Ni muda ule ule askari anaouhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Sasa wewe una fimbo! Usimsogelee. Rudi nyuma, weka kitu kati yenu: gari, meza ya nyanya, guta, ukuta. Ondoa watu, piga simu kituoni, ongea naye ukiwa mbali. Kurudi nyuma si woga, mwanangu, nafasi inakununulia muda na muda unaokoa wote wawili. Akiliangusha panga akainua mikono, amekuwa mtu asiye na panga. Hasira uliyonayo kwa sababu alitaka kukukata ni halali kuwa nayo, lakini haikupi ruhusa ya kumpiga.

Mama mlinzi pale nyuma anasema wamekamata mwizi, wananchi wenye hasira wamefika na tairi na petroli. Afanye nini? Mama, tangu dakika ile mtu huyo yuko mikononi mwako, na uhai wake uko chini ya ulinzi wako kama lile duka ulilopewa ulinde. Usibaki barabarani ukibishana. Muingize mahali penye mlango: duka, ofisi ya mtaa, geti la mtu yeyote. Mpe mgongo yeye, uso wako uwageukie watu. Mtafute mmoja anayeheshimiwa kwenye kundi, balozi, shehe, mchungaji, mzee wa mtaa, umwite kwa jina lake mbele ya wote asimame nawe. Mtu akiitwa kwa jina anakumbuka kwamba kesho ataulizwa. Na simu ya kituo chenu iwe kwenye namba za kwanza, isiwe ya kutafutwa wakati huo.

Sasa tunatoka nje uwanjani. Makundi ya watu wanne: mmoja mtuhumiwa, wawili wa kukamata, mmoja wa kuangalia kichwani. Mkimbie mpaka kwenye ule mti na kurudi kwanza, ili muanze mkiwa mnahema. Sitawapa alama kwa namna mlivyomwangusha. Nitapima muda kutoka neno "Amefungwa" mpaka mtuhumiwa awe amekaa, na kundi litakalozidisha sekunde kumi litarudia.