Kwaresima: Tulijificha, Mungu Akaja Kututafuta

DADA: Tumsifu Yesu Kristo.

KAKA: Milele amina. Karibuni wasikilizaji. Leo tunaongea habari ya dhambi, dada, na naomba tusiizungukezunguke.

DADA: Tusiizunguke kabisa. Majivu tuliyopakwa Jumatano yametokana na matawi ya mwaka jana, yale tuliyopunga tukiimba Hosana.

KAKA: Msikilizaji mmoja anauliza: akikosea, anahisi Mungu amemwacha. Mimi hurudi Isaya 59. Nabii anaanza kwa kusema mkono wa Bwana haukupunguka hata usiweze kuokoa. Ndipo anaongeza, "maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu." Utengano upo, tusidanganyane.

DADA: Upo. Lakini soma Mwanzo 3 uone nani alikimbia. Adamu na mkewe ndio waliojificha kati ya miti, Mungu ndiye aliyeita, "Uko wapi?" Na kabla ya kuwatoa Edeni akawavika mavazi ya ngozi. Hapo huwa naishiwa maneno, kaka. Wamekosa, wanatolewa, lakini hawatoki uchi.

KAKA: Ila wanatolewa.

DADA: Ndiyo, kwa sababu dhambi inaumiza watu. Kuna dada wa kazi ambaye hajalipwa mshahara wake, kuna mke anayepigwa. Usiniambie umetubu na pesa ya watu bado unayo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

KAKA: Sasa tuje kwenye kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Wakati wa Kwaresima utamwona mtu kwenye foleni, zamu yake ikikaribia anamwambia wa nyuma, "Pita tu, mimi nasubiri." Anapitisha wa pili, wa tatu. Kengele ya misa inalia, naye anaondoka na mzigo wake vilevile.

DADA: Aibu hiyo. Anadhani lazima kwanza ajisafishe ndipo aende. Mwangalie yule mwana mpotevu wa Luka 15, aliyetapanya mali ya baba yake akaishia kulisha nguruwe. Kule kwenye nguruwe alishaipanga hotuba yake, na mwisho wake ulikuwa, "unifanye kama mmoja wa watumishi wako." Akafika nyumbani, akaanza: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena. Ile sehemu ya utumishi hakuifikia! Baba alikuwa ameshaagiza vazi, pete na viatu.

KAKA: Na alimwona angali mbali.

DADA: Akaenda mbio. Mzee mzima, anakimbia njiani watu wakimwona. Mimi tumaini langu lote la Kwaresima liko kwenye miguu ya yule mzee.

KAKA: Na anayeungama dhambi ileile kila mwaka? Wengi hukatia tamaa hapo.

DADA: Aje nayo tena, na safari hii aseme inamjia lini na wapi, ili padri amsaidie kuufikia mzizi. Kama ni simu usiku wa manane, simu ilale sebuleni. Kama ni kamari, amwambie mwenzi wake ukweli wa madeni.

KAKA: Na akiwa kwenye foleni asome Zaburi 51, taratibu. "Usinitenge na uso wako." Mfalme Daudi aliomba hivyo baada ya kulala na Bathsheba na kumuulisha mumewe Uria, si baada ya kosa dogo.

DADA: Parokia nyingi mapadri huungamisha kabla ya Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa. Ulizeni saa kwenu, mwende mapema. Na zamu yako ikifika, usimpishe mtu.