Unawasha Moto Juu ya Nini? Mazungumzo Kuhusu Moto wa Kambini

ATIENO: Karibuni, wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Atieno, nikizungumza kutoka Kisumu, na mwenzangu ni Barasa, ambaye kazi yake ni kuwapandisha wageni Mlima Elgon kupitia upande wa Kitale. Likizo ya Desemba imeanza, vikundi vya vijana vinaulizia mahema ya kukodi, na kiangazi cha kuanzia mwezi huu hadi Machi ndicho kipindi ambacho nyasi hukauka kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo leo tumeamua kuzungumzia moto wa kambini, hasa kule mbali na barabara, ambako hakuna bomba la maji wala jirani wa kuitwa. Karibu, kaka Barasa.

BARASA: Asante, dada Atieno, na salamu kwa wasikilizaji. Wageni huniuliza mara kwa mara namna ya kuwasha moto kuni zikiwa zimelowa. Mimi ningefurahi zaidi wakinitaka kwanza niwaeleze kile kilichoko chini ya moto huo, yaani udongo wenyewe, kwa maana hapo ndipo uamuzi wa kuwasha au kutowasha unapotoka, na mambo mengine yote, kuanzia aina ya kuni hadi kiasi cha maji, hufuata baadaye.

ATIENO: Lakini watu wengi huamini kwamba udongo hauungui. Tumezoea mafiga jikoni, tena juu ya udongo mtupu, na hakuna nyumba iliyoteketea kwa sababu ya sakafu.

BARASA: Sakafu ya jikoni ni udongo mkavu uliokanyagwa na kufagiliwa kwa miaka mingi, hauna mizizi wala majani. Ukipanda Elgon kutoka lango la Chorlim, unapita kwanza msitu wenye miti mikubwa, kisha mianzi, halafu unatokea kwenye nyanda za wazi zilizo juu ya mita 3,000, ambako kuna vichaka vya erika, nyasi za mafungumafungu, na mimea mikubwa ya lobelia na senesio. Kule juu baridi hufanya majani yaoze polepole sana, hivyo ardhi hufunikwa na tabaka nene la mboji na mizizi iliyosokotana. Mboji hiyo ikikauka, nayo ni kuni. Kaa moja likipenya ndani yake linaweza kuendelea kuungua chini kwa chini kwa siku kadhaa, bila mwali na pengine bila moshi wa kuonekana, likifuata mizizi hadi lipate hewa mahali pengine kabisa, na wewe uliyeliacha ukiwa umeshafika Kitale unakunywa chai.

ATIENO: Kwa hiyo msimamo wako kuhusu nyanda za juu ni upi?

BARASA: Sipiki kwa kuni kule juu, na sikubali kundi langu liwashe moto, hata wakilalamika kwamba wamelipa fedha zao na wanataka kuota moto kama walivyoona kwenye picha. Tunatumia jiko dogo la gesi, tukiliweka juu ya jiwe bapa. Wasikilizaji watakumbuka Kilimanjaro: mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto uliwaka katika ukanda kama huo wa vichaka, ukaendelea kwa zaidi ya juma moja, na Shirika la Hifadhi za Taifa za Tanzania lilieleza kwamba iliaminika ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Yapata kilomita mraba 95 ziliungua. Sisemi hivyo ili kuwalaumu wapagazi, ambao ni wenzangu kikazi. Nasema hivyo kwa sababu moto ule ulikuwa wa chakula, si wa mtu aliyekusudia kuharibu.

ATIENO: Na hata pale ambapo moto haukusambaa, nadhani kuna madhara ambayo mgeni hayaoni. Nimewahi kusikia watu wakisifia majani makavu ya senesio kwamba hushika moto upesi.

BARASA: Hushika, na hilo ndilo tatizo. Senesio haidondoshi majani yake yanapokufa. Huyaacha yaning'inie na kulifunika shina, na kazi yake ni kulikinga na baridi ya usiku, kwa sababu kule juu joto hushuka chini ya nyuzi sifuri karibu kila usiku na kupanda tena mchana. Ukiyang'oa majani yale ili uanzishe moto wako, umeuvua mmea ule shuka lake, maji yaliyomo ndani ya shina huweza kuganda, na mmea uliochukua miaka mingi mno kukua unakufa baada ya wewe kuondoka. Afadhali mtu akate mti wa mkaratusi shambani kwake.

ATIENO: Tushuke basi tuje Nakuru, kwa maana wasikilizaji wengi hawafiki Elgon lakini Menengai, kwenye lile shimo kubwa la volkano, wanafika Jumamosi na kurudi Jumapili.

BARASA: Menengai ina hatari ya namna nyingine. Pale udongo kwa sehemu kubwa ni mawe ya volkano, na mtu anaweza kudhani yuko salama. Lakini angalia kinachoota juu yake: vichaka vya leleshwa na nyasi. Leleshwa ina mafuta yenye harufu nzuri katika majani yake, ndiyo maana wafugaji huyatumia kujipaka na kutandika malaloni, na mafuta hayohayo huyafanya majani yawake kwa nguvu hata yakiwa bado mabichi. Ongeza ukingo mkali wa kreta na upepo wa alasiri unaopanda mteremko. Wazimamoto wa Australia wana kanuni kwamba kasi ya moto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi kumi za mwinuko, kwa kuwa mwali hulala karibu na nyasi za mbele yake na kuzikausha kabla ya kuzifikia. Mtu aliyepiga kambi ukingoni, huku moto umewaka chini yake, hana muda wa kukunja hema.

ATIENO: Hapo ningependa tuseme waziwazi kuhusu sheria, maana kuna dhana kwamba msitu wa umma ni wa kila mtu, kwa hiyo kila mtu anaweza kuwasha.

BARASA: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwasha au kubeba moto ndani ya msitu wa umma bila kibali. Katika hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, moto huwashwa tu katika kambi zilizotengwa, kwa mfano kule Makalia ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na kuni haziokotwi ovyo. Uliza langoni kabla ya kuingia, ueleze utalala wapi na utapika kwa nini. Askari akisema kwamba wiki hii hakuna moto, usianze kubishana naye kuhusu mwaka jana.

ATIENO: Sasa tuchukulie kwamba kibali kipo, mahali pametengwa, na upepo umetulia. Tufanyeje?

BARASA: Tumia duara la mawe lililopo, usijenge lingine. Kila kundi likijenga lake, baada ya msimu mmoja uwanja mzima unakuwa mabaka meusi. Ondoa majani makavu na vijiti kuzunguka duara hilo kwa umbali wa hatua kadhaa, na utazame juu pia, kwa sababu watu husafisha chini halafu wakawasha chini ya tawi lililoinama. Mawe ya mtoni usiyatie motoni hata kidogo: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua jiwe, na vipande huruka usoni mwa anayepika. Mianzi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa hewa na unyevu vimefungiwa kati ya pingili moja na nyingine, ikalia kama bunduki na kurusha makaa.

ATIENO: Msikilizaji mmoja wa Kakamega ametuuliza kama ni vibaya kuchukua gogo lililoanguka, kwa kuwa, asemavyo, limekwisha kufa.

BARASA: Gogo limekufa, wakazi wake wako hai. Katika msitu wa mvua kama wa Kakamega, gogo linalooza ni makazi ya kuvu, mchwa, vyura na wadudu ambao ndege huwategemea, na mti mkavu uliosimama wenye tundu unaweza kuwa kiota cha hondohondo. Chukua vijiti vilivyolala chini, visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, ambavyo unaweza kuvivunja bila panga. Tena kuna faida nyingine: vijiti huungua vyote hadi vikawa jivu, ilhali gogo huungua nusu, likakuachia kisiki chenye moto ndani ambacho hujui ukifanye nini saa kumi na mbili asubuhi.

ATIENO: Na hilo linatuleta kwenye kuzima, ambako nadhani ndiko watu wengi hukosea.

BARASA: Wengi hufukia kwa udongo. Dada Atieno, wewe umekulia nyumbani kwenye jiko la kuni, utanisaidia hapa. Zamani moto uliwekwaje hadi asubuhi?

ATIENO: Nyanya alikuwa akilifukia kaa ndani ya jivu kabla ya kulala. Asubuhi aliliondoa jivu, akapuliza, na chai ikapikwa bila njiti ya kiberiti.

BARASA: Basi mtu anayefukia moto wake msituni amefanya vilevile alivyofanya nyanya: ameuhifadhi. Udongo huzuia joto lisitoke na huacha hewa ya kutosha kaa lisife. Moto huzimwa kwa maji na kwa kukoroga. Acha kuongeza kuni mapema, takriban saa nzima kabla ya kulala, ili kilichobaki kiwe jivu na makaa madogo. Mimina maji polepole, maana ukiyamwaga kwa kishindo, mvuke na jivu la moto vitakurukia miguuni. Koroga kwa kijiti hadi chini kabisa, geuza mawe ya kando kwa sababu makaa hujibana chini yake, mimina tena, koroga tena. Kisha sogeza mgongo wa kiganja juu ya jivu, na kama huhisi joto, ingiza mkono ndani. Mahali ambapo huwezi kuweka mkono, huwezi pia kuondoka.

ATIENO: Lakini hayo ni maji mengi. Mtu aliyepanda na chupa mbili za kunywa atayapata wapi?

BARASA: Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kiberiti. Ukubwa wa moto wako upimwe kwa maji uliyonayo ya kuuzima, mbali na yale ya kunywa. Kama hayapo, leo tunakula mkate na parachichi. Watu hudhani nafanya mzaha ninaposema hivyo.

ATIENO: Na kuhusu kupika maharagwe mlimani, ambalo najua linakukera?

BARASA: Linanikera kweli. Hapo Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, lakini kwenye mita 4,000 huchemka karibu nyuzi 87, na maharagwe yatakaa jikoni hadi usiku wa manane bila kuiva, yakimaliza kuni za msitu mzima. Yachemsheni nyumbani, mje kuyapasha tu.

ATIENO: Limebaki jambo moja ambalo tusipolitaja nitajilaumu. Usiku ni wa baridi, moto wa nje umezimwa, na mtu anaona busara kuliingiza jiko la makaa ndani ya hema.

BARASA: Hapo sina nafasi ya mjadala. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayoizuia isibebe hewa safi. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akahisi usingizi, na kwa kuwa ni usiku haoni ajabu kusinzia. Jiko lililoonekana kuzimika bado hutoa gesi hiyo, na jiko la gesi ya mtungi nalo likiwaka mahali palipofungwa huweza kufanya hivyo. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Chemsha maji, uyatie kwenye chupa isiyovuja, uifunge kwa soksi na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia.

ATIENO: Na takataka? Wengine huona moto ndio pipa.

BARASA: Karatasi inayong'aa ndani ya pakiti za biskuti haiungui yote, hubaki kwenye jivu, na nyani huja kuipekua. Plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo kimsingi hakuna cha kuchoma. Ulichopanda nacho, shuka nacho.

ATIENO: Mtu akiona moshi usio wake, afanye nini?

BARASA: Kwanza aokoe watu. Asikimbie kupanda mlima, kwa ile sababu ya kasi niliyoitaja. Ashuke au aende kando, upande usiofuatwa na upepo, akitafuta mawe matupu, barabara, au ardhi ambayo imekwisha kuungua na kupoa. Akipata mtandao apige 999 au 112, au amfahamishe askari wa lango alilopitia, na ataje mambo yanayoonekana: moshi uko ng'ambo gani ya bonde, upepo unaelekea wapi, na kuna watu wangapi kambini. Mlimani mtandao hukatika, kwa hiyo ni vizuri mmoja wenu ajue tangu mapema ni kilima gani kina mawimbi ya simu.