Mchana Kutwa Bila Bandari

Mabibi na mabwana, swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaojiandaa kwa safari ndefu ya meli ni hili: siku ambayo meli haitii nanga popote, tutafanya nini mchana kutwa? Nimelijibu mara nyingi na nitalijibu tena leo, kwa sababu bado naona abiria wakizipitisha siku hizo ndani, mapazia yamefungwa, kana kwamba safari ni bandari peke yake. Kwa kawaida kasino na maduka ya melini hufungwa meli ikiwa gatini na kufunguliwa ikiwa baharini. Waliopanga ratiba ya siku hiyo wana sababu zao za kutaka mkae ndani. Mimi nawaomba mtoke nje.

Ninalowataka mfanye ni moja: jueni mlipo, na mjue kwa jua. Chukueni saa ya mkononi, na msiiguse tangu kung'oa nanga mpaka mwisho wa safari. Kila siku andikeni jua limechomoza saa ngapi na limetua saa ngapi kwa saa hiyo, kisha mtafute katikati ya nyakati hizo mbili. Hapo, kwa kukadiria, ndipo jua lilipokuwa juu kabisa. Meli ikielekea magharibi, mtaona wakati huo ukichelewa siku hadi siku, na kila dakika 4 za kuchelewa ni digrii moja ya longitudo, mistari ya ramani itokayo kaskazini hadi kusini, mliyoivuka. Meli iendayo maili 20 za baharini kwa saa hukata maili 480 kwa siku; karibu na ikweta, ambako digrii moja ni maili 60, hizo ni digrii 8, yaani dakika 32. Kwenye latitudo ya digrii 60, mbali kaskazini au kusini mwa ikweta, ambako umbali kati ya longitudo na longitudo umepungua kwa nusu, mwendo huo huo hufikisha zaidi ya saa nzima. Ndiyo maana hutangaziwa usiku mrudishe saa nyuma, na wengi hufurahia usingizi wa ziada bila kujiuliza saa hiyo imetoka wapi.

Mwaka 1522 merikebu Victoria, ya msafara alioanzisha baharia Mreno Magellan, ilifika visiwa vya Cape Verde baada ya karibu miaka mitatu ya kuizunguka dunia kwa upande wa magharibi. Mabaharia wake waliamini ni Jumatano; Wareno waliokuwako wakawaambia ni Alhamisi. Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika kumbukumbu zake kila siku, alistaajabu, kwa kuwa alikuwa na hakika hakuruka hata siku moja. Na kweli hakuruka: walikuwa wakilifuata jua, na dakika chache walizozidishiwa kila siku zilijilimbikiza hadi zikatimiza siku nzima. Leo abiria anayevuka Pasifiki kuelekea magharibi huamka akakuta tarehe moja imerukwa, na deni la saa zote alizozidishiwa hulipwa hapo kwa mkupuo.

Najua mtakaloniambia: televisheni ya chumbani inaonyesha ramani na mahali meli ilipo. Inaonyesha, tena kwa usahihi kuliko saa yenu. Basi itazameni baada ya kupiga hesabu, wala si kabla, muone mmepishana nayo kwa kiasi gani. Aliyezitafuta digrii zake mwenyewe huyajua maji aliyopita. Aliyeonyeshwa nukta kwenye kioo huisahau kabla ya chakula cha mchana.

Wengine husema nje hakuna cha kuona. Mtu ambaye macho yake yako mita 25 juu ya maji huona karibu kilomita 18 kila upande, na duara hilo lina zaidi ya kilomita 1,000 za mraba. Simameni upande wa demani, usiopigwa na upepo, mfuatilie wingu moja la mvua kuanzia linapotokea mpaka linapoipita meli, ndipo mniambie kwamba hakuna kitu.

Muda umenibana, nami nilikusudia kusema mengi kuhusu mabaharia. Abiria wanaosumbuliwa na kichefuchefu wakae katikati ya meli, kwenye sitaha za chini, au watoke nje wakazie macho upeo. Na mkitaka kumuuliza baharia habari za kazi yake, muulizeni akiwa zamu na mikono yake haijashughulika. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unataka apate mapumziko, na mapumziko hayo ni yake.