Kinachoua Povu la Chumba cha Baridi

Mafundi wenzangu, na ninyi wazee wetu wenye biashara ya samaki, shikamooni na karibuni. Nimeombwa nieleze joto na unyevu vinavyolichakaza povu la kuzuia joto ukutani. Kwa kuwa tuko Kigoma, nitashika chumba cha kugandishia samaki.

Kinachozuia joto hasa ni gesi iliyofungwa kwenye vitundu vya povu. Maji yakishika nafasi ya gesi, yanapitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa iliyotulia. Yakiganda, barafu inapitisha karibu mara 4 ya maji, tena inatanuka kama asilimia 9 na kupasua vitundu. Nendeni mwaloni Kibirizi mkanyanyue deli kuukuu, lile sanduku la barafu la povu jeupe la polistaireni: tupu, lakini zito. Hayo ni maji.

Yanaingiaje? Wengi wanalaumu bati linalovuja. Mimi naulaumu mvuke. Masika, hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 75, shinikizo la mvuke nje ni zaidi ya mara 20 ya lile la chumba chenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku na mchana mvuke unasukumwa ndani, na ukikuta ubaridi unageuka maji. Ndiyo maana kizuizi cha mvuke kinakaa nje, upande wa joto. Michoro ya nyumba za Ulaya inakiweka ndani, kwa sababu kule wakati wa baridi joto liko ndani. Ukiinakili hapa, mvuke utaingia kwenye povu na kunasa humo humo.

Paneli za mabati, zenye povu katikati, zina nafuu, bati halipitishi mvuke. Shida iko kwenye maungio na pale bomba la gesi ya mashine ya baridi linapotoboa ukuta. Silikoni ipakwe nje. Ukiona bati la nje linatoka jasho sehemu moja tu, povu la hapo limekwisha.

Jua nalo lina lake, hasa Tabora wakati wa kiangazi: poliyurethani, aina nyingine ya povu, ikiachwa wazi inageuka njano na kuwa unga, na joto linaharakisha gesi yake kutoka. Mchwa nao hulitoboa povu kutafuta njia.

Mama pale nyuma anauliza: likishalowa, litakauka? Mama yangu, likiwa katikati ya mabati mawili, usilisubiri. Badilisha paneli hiyo kwanza, kabla hujashawishiwa kununua kompresa kubwa zaidi.